Naomba ushauri: mama, presha na dawa za Kichina

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mama yangu yupo Mkoani, Pemba. Goti linamsumbua na anatumia vidonge vya presha. Sasa anataka tiba ya sindano za Kichina, zile nyembamba za kuchomwa bila dawa. Imani yake naielewa, madaktari wa China wanakuja Zanzibar tangu 1964 na wazee wetu wamewazoea. Sindano hazinitii hofu sana, maadamu ni mpya na za kutumika mara moja tu. Hofu yangu ni mitishamba ya pakiti anayoletewa na jirani. Mingi huwa na gan cao, mzizi mtamu unaoweza kupandisha presha. Na mama hataki kumwambia daktari, anaona atagombezwa! Mliouguza wazazi, mlisema nao vipi wakakubali kuzipeleka pakiti kituo cha afya?