Kikundi kimoja, wajuzi na wanaoanza pamoja: mnawaongozaje kutazama ndege?

Tetere aliuliza:

Habari zenu wadau. Nimeanza kuongoza matembezi ya kutazama ndege mashambani, vikundi vya watu wanane hadi kumi. Njia yetu inapita malishoni, inafuata kijito chenye matete, kisha inaishia ukingoni mwa msitu. Ndege nawajua, kwa sura na kwa sauti. Kinachonitesa ni watu. Mbele wapo wawili watatu wenye orodha zao, wanataka spishi mpya kila baada ya dakika chache na wananishikilia nipige sauti iliyorekodiwa ili ndege atoke kichakani. Nyuma wapo waliokuja kwa mara ya kwanza, wanauliza "yuko wapi?" mpaka ndege anaruka. Safari iliyopita kuna mzee aliondoka bila kumwona mdiria, na ndiye aliyekuwa na hamu kuliko wote. Niliumia sana. Ninyi mnafanyaje? Na hiyo sauti, nipige au nisipige?

Kigotago alijibu:

Mkuu Tetere, kazi hii ndiyo inayonilisha, kwa hiyo nakwambia nilivyoizoea.

Hao wa mbele si wabaya, ila hakuna aliyewaeleza hii ni safari ya namna gani. Pale mnapokusanyika, kabla ya kuondoka, sema wazi: leo tunakwenda polepole, na ndege akitulia hatusogei mpaka kila mtu amemwona. Ukingoja kulisema njiani watadhani unawakemea.

Hapo hapo shughulikia darubini. Naamini nusu ya hao wanaouliza "yuko wapi?" wanatazama ukungu. Kila mtu akunje au akunjue darubini yake mpaka aone duara moja. Afumbe jicho la kulia, azungushe gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione vizuri. Kisha afumbe la kushoto na kurekebisha pete iliyopo upande wa kulia. Mwenye miwani ashushe ile mipira ya machoni, la sivyo ataona kitundu tu. Kama una darubini za kuazima, chukua 8x42 (zinazokuza mara 8, kioo cha mbele milimita 42) badala ya zinazokuza mara 10, maana eneo linaloonekana ni pana zaidi na mtikisiko wa mkono hausumbui sana. Halafu wafundishe kumkazia ndege macho bila kuyaondoa, na kuinua darubini ije machoni. Wafanye mazoezi kwa jiwe au kigingi cha uzio. Watu hutafuta ndege ndani ya darubini, na huko hawampati.

Kuelekeza nako kuna namna yake. Usiseme "pale". Anza na kitu ambacho hakuna asiyekiona: "Mti uliokauka kileleni. Shuka mpaka tawi la pili kushoto. Lifuate mpaka linapogawanyika." Sema taratibu, wala usirushe mkono juu, ndege wengi huondoka kwa sababu ya mkono. Ukiwa na darubini ya miguu mitatu, wanaoanza watangulie kuchungulia. Wajuzi watampata wenyewe.

Na hao wajuzi wape kazi. Mmoja atembee nyuma na wageni. Mwingine mwachie anga: jua likishapasha ardhi, hewa ya moto hupanda, na mwewe na tai huitumia kupaa bila kupiga mabawa. Saa hizo ndege waimbaji huwa wameanza kunyamaza, hivyo jicho lake litawafaa wote.

Kuhusu sauti, mimi sipigi. Dume akisikia wimbo wa aina yake ndani ya eneo lake huamini ameingiliwa. Anaacha kula, pengine anaacha kulinda kiota, anakuja kupigana na adui asiyekuwepo. Na kesho linakuja kundi jingine na simu zao. Hata kanuni za maadili za American Birding Association, chama cha watazama ndege cha Marekani, zinataka sauti hizo zitumike kwa kiasi, hasa mahali panapotembelewa sana na kwa ndege adimu. Waeleze sababu hii, wengi wataelewa. Kisha simameni kimya kando ya kichaka. Uvumilivu huwatoa wengi kuliko simu.

Yangeyange alijibu:

Naongeza juu ya yule mzee. Umri huanza kuondoa sauti nyembamba za juu, na mdiria wengi huita kwa sauti kali ya namna hiyo. Ukisema "sikieni, anakuja," huenda yeye hajasikia kitu na anaona haya kusema. Mweke karibu nawe, mwonyeshe upande sauti inakotoka. Programu ya simu iitwayo Merlin, ya Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, nayo huandika jina ndege anapoimba, hivyo atajua kuna kitu. Hukosea mara nyingine, kwa hiyo uwepo wako bado unahitajika.

Mwenye Shamba alijibu:

Mimi niko upande wa pili wa uzio. Ombeni ruhusa kila msimu, na geti mliacheni mlivyolikuta. Viota msivisogelee: mama akiruka mayai hupoa, na njia mliyokanyaga majanini inampeleka mnyama moja kwa moja kiotani. Picha za viota msizitume mtandaoni pamoja na mahali vilipo. eBird, ule mtandao ambako watazamaji huandika ndege waliowaona, huficha maeneo ya spishi zilizo hatarini, lakini kurasa zenu za kijamii haziwafichii.

Tetere:

Asanteni sana. La mwisho: mjuzi akinipinga mbele ya wote kwamba ndege niliyemtaja siye?

Kigotago:

Muulize ameona nini: mdomo, miguu, mstari wa jicho, namna ya kuruka. Wote wainue darubini watazame hizo alama. Akiwa sahihi, mshukuru na utaje jina la ndege alilotoa. Mkishindwa kuafikiana, andikeni, kwa mfano, "kwera, aina haijulikani" muendelee na njia.