Tupeane uzoefu: uliyepaka sebule rangi ya zeituni, yalikukuta yapi?

Bi Tausi: Jana nimeingia kwa jirani, sebule nzima kijani cha zeituni, kile kilichopoa, si cha kung'aa. Nimeganda mlangoni. Nani mwingine rangi hii ilishamtoa jasho?

Babu Kambini: Kwangu watoto wa mtaa wanapaita jeshini. Sina la kuongeza.

Dada Ndoo: Mimi nilitaka pang'are siku ya posa ya mdogo wangu. Ya kuchanganywa kwa mashine dukani niliona ghali. Fundi akasema, "Dada, nipe nyeupe ndoo moja na vikopo vya kijani, njano na nyeusi, nakukorogea mwenyewe." Kakoroga na mti. Mkono wa kwanza ulitoka mzuri hadi nikamtumia mama picha. Mkono wa pili, ndoo ikamwishia nyuma ya kabati la TV. Kakoroga nyingine kwa kukisia. Ikiwa mbichi, zimefanana. Ilipokauka, ukuta mmoja zeituni, wa pili mlenda wa jana! Hapo Ijumaa usiku, wageni Jumamosi saa nne. Alfajiri karudia ukuta ule. Wamefika bado unanata. Makochi nimeyasogeza katikati, lakini mshenga, kanzu nyeupe pee, akachagua kusimama pembeni, akaegemea. Alipogeuka kusalimia wazee, bega zima kijani. Hakuna aliyesema neno. Mama akawa anaangalia dari.

Mpangaji Sugu: Posa ilipita???

Fundi Msasa: Tatizo ni ubahili, msisingizie mafundi. Jaribu kipande kwanza, kikauke, ukitazame mchana na usiku. Ndoo zote zimimine pipa moja, koroga pamoja. Na plasta mpya iache kama siku 28.

Dada Ndoo: Ubahili? Ndiye wewe uliyekoroga na mti nini?

Mama Raskazone: Huku Tanga karibu na bahari, chumvi ikitoka kwenye kijani hicho unaona mawingu meupe. Kwenye krimu angalau inajificha. Pakeni krimu mlale.

Mpangaji Sugu: Kijani ukiongeza mapazia ya njano, umefungua tawi.

Babu Kambini: Siasa peleka kule.

Bi Tausi: Mimi kilichoniponza ni taa. Balbu nyeupe, ukuta ukawa kijivu cha wodini. Nikaweka za mwanga wa njano, ukarudi.

Fundi Msasa: Paka ukuta mmoja tu.

Mama Raskazone: Ukuta mmoja ni woga. Zote au acha.

Mpangaji Sugu: Jamani, POSA. Rangi tumeshaelewa.

Dada Ndoo: Ilipita. Kesho yake mshenga akapiga simu, nikajua ni kanzu. Kumbe anataka namba ya fundi, mkewe ameiona rangi begani kaipenda.

Babu Kambini: Zeituni au mlenda?