Maua yangu ya vaioleti yanaoza katikati, nakosea wapi?

MamaMaua_Tabata
Habari za jioni wapendwa. Mwezi wa tatu nilinunua makopo matatu ya vaioleti, muuzaji akaniambia ni maua ya Ulaya. Moja zambarau iliyokolea. La pili la waridi, kingo zimejikunjakunja kama lesi. La tatu ndilo roho yangu: jeupe, kila petali ina mstari wa buluu katikati. Yapo barazani, namwagilia kila asubuhi kwa juu. Sasa la zambarau linaoza katikati na majani yana madoa. Nisaidieni kabla sijayapoteza yote.

MtotoWaAmani
Pole sana dada. Ila hayo maua ni ya kwetu! Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyapeleka kwao, na hadi leo Wajerumani wanayaita vaioleti za Usambara. Mimi nimekulia Amani, huko huko kwenye milima ya Usambara. Tukienda mtoni tuliyaona yamenata ubavuni mwa mawe, kivulini, udongo wenyewe kiganja hakijai. Maji hupita, hayatuami. Hapo ndipo unapokosea. Weka kopo kwenye sahani ya maji nusu saa, linywe kwa chini, kisha mwaga yanayobaki. Subiri udongo ukauke juu ndipo urudie. Majani yale yana manyoya, yanashika maji, jua likiyakuta ndiyo hayo madoa. Yatoe barazani, yasogeze dirishani penye mwanga usio mkali. Udongo changanya na makumbi ya nazi yaliyosagwa.

La zambarau usilitupe. Kata jani zima na kikonyo chake, lichomeke kwenye udongo wenye unyevu, baada ya miezi miwili hivi utaona vijani kama masikio ya panya vinachomoza.

Mtaita_Wundanyi
Hata kwetu Taita, Kenya, lipo moja, la mlima Mbololo. Tafadhali mtu asije akalichimba porini, msitu wenyewe umebaki kidogo. Na hilo lako lenye mistari, mama, usilizalishe kwa jani. Litatoa ua la rangi nyingine. Subiri lichipue pembeni, ukate kichipukizi.

MamaMaua_Tabata
Asanteni mno. Leo nimekata majani manne ya zambarau, nimeyachomeka kwenye kikopo cha mtindi nilichotoboa chini. Lile la mistari nimelipekua taratibu, na kweli, chini ya jani la tatu kuna kijichipukizi, hakijafika hata ukucha wa kidole kidogo. Nikikate sasa au nikiache kikue?

MtotoWaAmani
Kiache dada. Kikifikisha majani manne, rudi hapa.