Huyu mfalme wa madesa wa darasani kwetu ATANIPA PRESHA

Wakuu, nimetoka kwenye kibanda cha chipsi hapa Nkuhungu sasa hivi, mishikaki nimeiacha mezani. Yule jamaa. Mnamjua. Kila chuo Dodoma kinaye mmoja, ila wa kwetu ndiye baba lao. Yule anayekariri noti mpaka anajua slaidi ya 14 ina koma ngapi.

Matokeo yametoka. Uchumi yeye kala A, mimi B. Sina shida na hilo. Shida ni alichonifanyia mbele ya muuza chipsi. Kanishika bega. BEGA wakuu! Akasema: "Wewe endelea kuelewa tu, mdogo wangu. Kuelewa hakuandikwi kwenye transkripti."

Mdogo wangu! Nimemzidi umri!

Huyu ndiye niliyekesha naye kimbwetani kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, nikimfundisha elastisiti, yaani bei ikibadilika wanunuzi nao wanabadilika kiasi gani. Mhadhiri alitoa mfano wa mchele. Nikamwambia achana na mchele, chukua zabibu zetu hizi, mkoa mzima tunavuna mara mbili kwa mwaka. Bei ikipanda kwa asilimia 10, watu wakapunguza kununua kwa asilimia 20, elastisiti ngapi? Si unagawa tu, unapata 2, yaani wanunuzi wanakimbia kuliko bei inavyopanda! Jamaa akafungua daftari, akalifunga, akanitazama kwa huruma: "Zabibu haimo kwenye noti."

Pepa likaja na mchele uleule. Akamwaga. Nasikia alimwaga mpaka "Asanteni kwa kunisikiliza" ya slaidi ya mwisho, na ikapigwa tiki.

Halafu leo ananishika bega. Mbele za watu. Muuza chipsi kacheka mpaka chipsi mayai imeungua, na akaniuzia hiyohiyo.

Hakuandikwi kwenye transkripti. Nitalalaje?

Vumbi la Bahi: Kwa hiyo una B ya kuelewa, mwenzio ana A ya kukremu. Hapo aliyeelewa chuo ni nani?

Binti Mpwapwa: "BEGA wakuu" hahahaaa, nimepitiliza kituo.

Mleta uzi: Nyie chekeni. Muulizeni leo elastisiti ni nini, pepa limeshapita, atawaambia ni lastiki ya sketi. Na bega aliligusa mara mbili.

Msomi Mstaafu: Vijana, hili lilishachunguzwa. Marton na Säljö, Chuo Kikuu cha Gothenburg, Uswidi, 1976. Wanafunzi walipewa makala wasome wakijua wataulizwa. Wengine wakahangaika kuyakamata maneno, wengine wakatafuta mwandishi anataka kusema nini. Wale wa maneno hoja yenyewe iliwapita. Na mtu hazaliwi anakremu, anasoma kwa jinsi anavyotegemea kuulizwa. Mhadhiri anayerudisha mchele kila mwaka ndiye anayewafuga hawa.

Vumbi la Bahi: Mzee, huo mwaka umeuelewa au umeukariri?

Mtoto wa Kondoa: Afadhali nyie mna mchele. Wa kwetu anatusomea slaidi neno kwa neno, ukumbi hauna feni, na ukipiga mwayo unatolewa nje wewe.

Mwalimu wa Kata: Msiwaonee wa vyuo, tunawaharibu sisi huku chini. Mtaala wa sekondari ulihamia kwenye umahiri, yaani mtoto aweze kukitumia alichosoma, tangu 2005, kwenye karatasi. Darasani watoto wamebanana, kitabu kimoja dawati zima, juu wanataka ufaulu. Hizo zabibu nizifundishe saa ngapi? Mtoto anaghani usanisinuru mwanzo mpaka mwisho, kwao wana shamba la uwele, na ukimuuliza lile jani linafanya nini pale shambani anakuangalia tu. Alama nampa zote. Jibu liko sawa na mwongozo wa kusahihishia.

Binti Mpwapwa: Mwalimu umenikumbusha mbali. Mimi osmosisi naweza kuitema hata usingizini, ila sijawahi kukutana nayo.

Mleta uzi: Tusitoke nje ya mada. Aliniita MDOGO WANGU.

Jirani wa Makulu: Mnalilia A na B, huku kwangu bomba limekauka. Namuuliza mwenye nyumba, ananijibu kodi ni ya chumba, siyo ya maji.

Mtoto wa Kondoa: Wa kwangu anazima umeme saa nne usiku, eti wanafunzi tunamaliza yuniti. Msuli napiga kwa tochi ya simu.

Jirani wa Makulu: Na luku ni ya pamoja? Hapo mmeliwa. Sisi tunachanga sawasawa, halafu yupo mmoja ana friji.

Mleta uzi: Jamani BEGA.

Jirani wa Makulu: Subiri kwanza mkuu. Mwenye friji hata barafu hagawi.

Vumbi la Bahi: Hicho kibanda cha Nkuhungu kachumbari bado wanaweka bure?

Binti Mpwapwa: Zamani hiyo. Siku hizi ukiomba pilipili mara ya pili unaulizwa kama unafungua duka.