Msaada: nimegawa bia lita 40 kwenye ndoo mbili, kila ndoo imetoka kivyake

Mpishi wa Makorora: Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga, napika bia ya kimea nyumbani. Sufuria yangu ni ndogo, hivyo nilichemsha lita 25 nzito za maji ya kimea, ikapoa, nikaihamishia kwenye pipa lenye koki na kuongeza maji yaliyochemshwa mpaka 40. Nikafungulia koki ya chini: lita 20 ndoo A, zilizobaki ndoo B. Pakiti moja ya hamira ya bia, gramu 11, nikaigawa kwa macho.

Haidromita (kipimo cha uzito wa maji yenye sukari; namba hushuka hamira ikila sukari) ilisoma A 1.058, B 1.041. Leo siku ya tisa, A imegoma 1.030, tamu kama togwa. B imeshuka 1.009, nyepesi mno. Roho inaniuma, kimea nimekiagiza Dar. Nizichanganye? Na safari ijayo ninunue pipa moja la kuchachulia?

Fundi Kimea: Pole sana mkuu. Umekosea kabla hata ya hamira. Maji ya kimea ni mazito kwa sukari, ukiyaongezea maji matupu bila kukoroga, mazito yanakaa chini na mepesi juu. Koki ikatoa mazito kwanza. Chukua mwiko mrefu uliochemshwa, koroga kutoka chini kabisa dakika mbili nzima, ndipo ugawe kwa zamu: lita 5 huku, lita 5 kule.

Mama Chumbageni: Na hamira ni chache, mwanangu. Pakiti hiyo ni ya lita 20 hivi. Kila ndoo ipewe pakiti yake. Halafu joto letu! Bia ikichacha inajipasha yenyewe zaidi ya joto la chumba. Mimi ndoo naikalisha kwenye beseni la maji, chupa za barafu asubuhi na jioni. Taulo bichi pwani halifui dafu, hewa yenyewe imejaa unyevu.

Mzee wa Bagamoyo: Pipa moja usinunue. Nililitumia la lita 60, uchafu ukaingia, nikamwaga zote. Ndoo za lita 25 zinatosha, ukiacha nafasi ya povu.

Mpishi wa Makorora: Shikamoo mama, shikamoo mzee. Na hii A niifanyeje?

Fundi Kimea: Usiimimine kwenye B, itaingia hewa na bia itanuka karatasi iliyolowa. Loweka hamira mpya kwenye maji ya vuguvugu yaliyochemshwa, tia A taratibu, funika. Usijaze chupa mpaka haidromita isome vilevile siku tatu mfululizo. Sukari ikibaki, gesi inazidi, chupa zinapasuka, na vigae vinaruka kweli. Zikitulia zote ndipo uchanganye, kwa mpira uliozama mpaka chini ya chombo.

Mpishi wa Makorora: Mrejesho: nilitia hamira juzi usiku. Jana mpira wa kutolea gesi ukaanza kutoa mapovu, leo asubuhi A inasoma 1.024. Beseni nimeazima kwa jirani. Napima tena Jumamosi.