Bafle (spika) ndefu makanisani na kumbini Goma: tuziache juu ya miguu ya ncha?

Mkaaji wa Majengo:
Ndugu zangu, jambo hili linagusa watoto wetu. Makanisani na kwenye kumbi za harusi, bafle ndefu zinazosimama chini zimeanza kuwekwa juu ya ubao wenye miguu minne ya ncha za chuma. Mafundi wanasema sauti inakuwa safi. Mimi nasema hivi: mji huu uko chini ya volkeno ya Nyiragongo, na baada ya mlipuko wa 22 Mei 2021 ulitetemeka siku kadhaa. Kabla ya sauti, tuulize bafle ile itamwangukia nani.

Bafle ya kimo cha mita 1 na upana wa sentimita 20, uzito wake ukiwa katikati, inaanguka ikishainama upande digrii 11 hivi. Mtoto akiiegemea inatosha. Ukiifunga kwa skrubu kwenye ubao wa sentimita 40, miguu ikiwa kwenye pembe za ubao, itavumilia hadi karibu digrii 20, hata kama ubao umeiinua sentimita 5. Lakini mara nyingi naona bafle imetuliwa tu juu ya ubao, haikufungwa. Hapo ubao haukusaidia chochote: bafle inapinduka juu yake vilevile, tena kutoka juu zaidi. Nataka kila bafle ndefu mahali pa watu wengi ifungwe kwenye ubao mpana, na juu ishikwe kwa mnyororo ukutani. Isiyofungwa itolewe.

Fundi wa sauti, Himbi:
Mzee, kwa kufunga tuko pamoja. Ila ncha usizilaumu. Zinapenya zulia na kukanyaga simenti yenyewe, bafle inaacha kuyumba. Na kila mguu unazungushwa peke yake hadi ubao ukae sawa; sakafu hizi zilizomwagwa juu ya mawe ya volkeno, iliyonyooka utaipata wapi? Nikimaliza naikandamiza pembe moja moja. Ikigonga, bado. Kwenye vigae tu ndiyo uangalie: bafle ya kilo 30 inaweka zaidi ya kilo 7 kwenye kila ncha, na kigae kinaweza kupasuka. Weka kipande cha chuma chini yake.

Mama wa kwaya, Ndosho:
Mwanangu, wewe unasema simenti. Kanisa letu ni la mbao, na chini ni mbao pia. Tulipowekewa ncha, sakafu nzima ilivuma, waimbaji hawakusikiana. Walipoweka raba za tairi, mvumo ulipungua sana. Tena mbao zetu zimeachana: ncha moja ikiingia katika upenyo, bafle imekwisha kulala upande.

Fundi wa sauti, Himbi:
Una haki, Mama. Kwenye mbao hata mimi naweka raba, lakini iwe ngumu, kwa maana raba laini inaiyumbisha bafle ndefu. Na Mzee, mnyororo wako unanipa shida. Bafle ikibanwa ukutani besi inazidi, na kwenye kona inazidi tena, maneno ya mhubiri yanamezwa. Mimi naivuta mbele hadi mita 1.

Mkaaji wa Majengo:
Kutoka mita 1 mnyororo ukilegea, bafle inapata kasi kabla haijashikwa. Basi palipo mbali na ukuta, ubao uwe wa sentimita 60.

Fundi wa sauti, Himbi:
Sentimita 60 itaziba njia, watu watajikwaa. Ukumbi mkubwa sawa. Kanisa dogo, hapana.

Mama wa kwaya, Ndosho:
Kwetu benchi la kwanza ni la watoto, na bafle iko hatua moja tu mbele yao. Mkiwa bado mnapima ubao, benchi hilo lirudi nyuma mita 1 na nusu, ili bafle ya mita 1 hata ikianguka isiwafikie. Hilo halihitaji franka. Nitaliomba Jumapili hii, na skrubu nitaziomba siku hiyohiyo.