Hivi tangazo la tivii linaweza kumng'oa dikteta? Filamu ya No

fundi_bango:
Wakuu habari za jioni. Niko Majengo hapa Dodoma, nachapa fulana na mabango, msimu wa kampeni ndo mavuno yangu. Juzi jamaa kanirushia filamu inaitwa No, ya Chile, ya 2012, dairekta ni Pablo Larraín, Gael García Bernal anacheza René, kijana mtengeneza matangazo ya soda. Mwaka 1988 Pinochet ana miaka 15 madarakani, inapigwa kura, ndiyo aendelee miaka minane mingine, hapana aachie. Kila upande unapewa dakika 15 za tivii kila usiku kwa siku 27, tena usiku umeshakwenda. Wapinzani wanataka waoneshe mateso na idadi ya waliouawa, René anawaambia hiyo haiuzi, anawaletea upinde wa mvua, watu wanacheka, wanacheza, na wimbo kwamba furaha iko njiani. Kuna mmoja anachukia anatoka kikaoni, anaona wafu wao wamegeuzwa tangazo la soda. Mwisho hapana inashinda kwa karibu asilimia 56.

Sasa swali, kweli tangazo ndo lilifanya kazi yote hiyo au dairekta katupamba tu sisi watu wa matangazo? Maana wateja wangu mimi nawaona, mtu ana fulana za wagombea wote, zote anaendea shamba.

zabibu_chungu:
Mi nilijua nimeuziwa kopi mbovu aisee, rangi zinavuja, picha kama mkanda wa video wa zamani 😂 kumbe makusudi, walitumia kamera za U-matic za enzi hizo ili picha zao zifanane na matangazo halisi ya 1988 waliyoyachomeka humo ndani. Hujui lipi la kuigiza lipi la kweli. Wimbo nao hautoki kichwani na Kihispania sijui hata salamu.

Babu Ugogoni:
Wajukuu, kura ya ndiyo na hapana sisi tuliipiga hapa hapa. Tangu 1965 mpaka 1990 mgombea urais alikuwa mmoja, unamkubali au unamkataa, na hizo dakika 15 za upande wa hapana nani angekupa, tivii yenyewe huku bara haikuwepo. Ushindani ulikuwa kwa wabunge, chama kinapitisha wawili, mmoja anapewa alama ya jembe mwingine nyumba. Hapo ndo ungesikia maneno! Wa jembe anauliza bila jembe mtakula nini, wa nyumba anajibu na mkitoka kulima mtalala wapi. Mambo ya barabara na maji yanapita kando, watu wanabishania jembe na nyumba. Kwa hiyo huyo René wenu hajaniambia jipya.

mtu_wa_data:
Fundi, kawapamba, tena sana. Genaro Arriagada aliyeiongoza kampeni yenyewe ya hapana aliilalamikia hii filamu, na mi namuelewa. Daftari la wapiga kura liliharibiwa baada ya mapinduzi ya 1973, likafunguliwa upya 1987, zaidi ya watu milioni 7 wakajiandikisha, na hao hawakuletwa na wimbo, kuna watu walitembea mtaa kwa mtaa kuwashawishi wenye woga. Halafu wapinzani walikuwa na hesabu yao ya kura pembeni, usiku ule serikali inasuasua kutangaza, mkuu wa jeshi la anga Matthei anaingia ikulu anawaambia waandishi hapana imeshinda. Hilo lina uzito kuliko upinde wa mvua wowote. Ila pia msiseme ilikuwa soda tupu, kwenye matangazo yale halisi kuna wanawake walicheza cueca peke yao, ngoma ya watu wawili, waume na ndugu zao walipotezwa na utawala. Hakuna maelezo mengi pale, unaona tu nafasi ya mwanaume iko wazi. Na Pinochet mwenyewe alibaki mkuu wa jeshi hadi 1998.

fundi_bango:
Nimekupata mkuu. Mimi kilichonikera ni René mwishoni anarudi kuuza tamthilia kwa maneno yale yale aliyouzia soda, utadhani hapakutokea kitu. Babu, enzi za jembe na nyumba fulana mlikuwa mnachapia wapi?

Babu Ugogoni:
Fulana? Mjukuu wangu, kitambaa chenyewe tulikuwa tunapangia foleni duka la ushirika.